Namba Saba

Kitini kilinifikia nikiwa mkono wa nne,
nakala ya nakala, kurasa zimefifia
kama kanga iliyofuliwa kwa magadi.
Juu ya jalada: Mali ya Bisura Chipojola.
Jina limekatwa mstari mmoja, chini yake Esha,
chini ya Esha, Mponda,
chini ya Mponda sasa mimi.
Nilimlipa elfu tatu na nusu mche wa sabuni.

Bisura simjui. Wanasema yuko zahanati fulani Tandahimba,
anazalisha.
Lakini naujua wino wake wa kijani
na doa la bibo ukurasa wa arobaini,
pale neva ya alna inapopinda.
Pembeni ya mifupa minane ya kifundo cha mkono
ameandika:

Somoe, Leta Tui. Pweza Tayari. Tunakula Kwa Halima.

Herufi za kwanza, mfupa kwa mfupa:
skafoidi, lunati, trikwetramu,
hadi hamati yenye kulabu.
Usiku wa kuamkia jaribio, bweni zima
linamtuma Somoe tui,
hata Fadina wa kitanda cha juu, ambaye hali pweza.

Maabara ina sanduku moja la mkono.
Watu sitini na wawili, sanduku moja.
Bwana Mnali hulitoa saa nane, hulirudisha saa tisa,
na kabla ya kufunga anahesabu mifupa
kama karani wa chama cha msingi anavyohesabu magunia.
Ishirini na sita. Wa ishirini na saba
haupo tangu zamani:
pisiformi, kafupa kadogo, umbo la mbaazi.
Na mahali pake Bwana Mnali amegundisha
mbaazi.

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Mwaka ule bei ilipoanguka
magunia kumi na moja yalilala sebuleni kwetu Nanyamba.
Tulikula mbaazi asubuhi, mbaazi usiku,
na baba aliandika ada yangu kwa chaki nyuma ya mlango,
akifuta,
akiandika tena.
Kumbe moja ilishanitangulia chuoni,
wala haikudaiwa chochote.

Ukurasa wa arobaini na moja, wino ule ule:
Usikariri tu. Shika mkono wa mtu.

Jumamosi nikaenda nyumbani.
Mama alikuwa akibangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda, ngozi imebabuka.
Mama, nipe mkono.
Akadhani nataka nauli.
Nikabonyeza upande wa kidole cha mwisho,
kwenye mkunjo wa kifundo:
kalikuwapo. Kagumu, kanateleza kidogo, kazima.
"Unatafuta nini?"
"Pweza."
Akanitazama kama mtu anayepiga upya hesabu ya ada.

Njiani kurudi niliuwaza ule wa sandukuni.
Nao uliwahi kushika jembe, sufuria, kisogo cha mtoto.
Hakuna aliyeandika jina lake juu ya jalada.
Na kile kipande chake kimoja
kipo wapi, kwenye ufa gani wa sakafu,
kwenye mfuko wa koti la nani?

Mtihani wa vitendo, kengele kila dakika moja na nusu.
Meza ya saba: mkono ule,
kibendera chekundu kimechomekwa pale pale.
Taja.
Chande Hokororo alinitangulia, jasho likimtona.
Baadaye alikiri aliandika Mbaazi,
akafikiri, akaongeza: kavu.
Mimi niliandika pisiformi,
kidole gumba changu kikiwa bado
juu ya kifundo cha mama.

Anatomia nimepita. Biokemia nina sapu, Septemba,
kwa hiyo jina langu sijalikata.
Nimeongeza mstari mmoja, wino wa bluu chini ya ule wa kijani:
Namba saba ni mbaazi. Usiiandike.
Na wewe utakayefuata,
uje na mche mzima. Sabuni imepanda.